Nyumba Isiyobebwa na Ngamia

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, nilikuwa Garissa nikimwonyesha fundi mahali pa kukata tundu la hewa juu ya mlango, simu yangu ikalia. Alikuwa Shafi, mtoto wa Haji Gedi, akipiga kutoka Wajir. Alinisalimia kwa adabu, akauliza habari za watoto, habari za kazi, habari za mvua, kisha akasema, "Abaayo Hibo, dada yangu, habaryar yako ametangulia. Alfajiri. Tunamzika kabla ya adhuhuri, hutawahi." Nilisema inna lillahi, nikamwambia fundi aendelee kukata, nikaenda kukaa juu ya rundo la matofali. Baada ya muda fundi aliuliza kwa sauti tundu liwe na ukubwa gani. Nilimjibu: kubwa.

Dahabo alikuwa mdogo wa mama yangu. Habaryar ndilo jina tunalomwitia mama mdogo. Ya ukoo yatoshe hapo. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne na hakuna mwenye karo ya kunipeleka mbele, nikaambiwa niende Wajir nikakae na Habaryar kwa sababu hakujaliwa mtoto na nyumba yake ilikuwa kubwa mno. Leo kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Sikusomea chuo chochote. Nilinunua vitabu vya mitumba, nikapima majengo ya watu, nikaharibu karatasi nyingi. Wateja wakiniuliza nilisomea wapi, huwaambia Wajir, nao hudhani kuna chuo huko wasichokijua. Nyumba niliyosomea ni moja, nami nilishiriki kuibomoa.

Watu wa mtaa waliiita Bangalo, kana kwamba duniani hakuna nyingine. Waingereza waliijenga miaka ya mwanzo ya boma la Wajir, kwa ajili ya afisa mmoja asiye na mke. Ilikuwa nyeupe, haina ghorofa, sakafu yake imeinuliwa juu ya msingi wa futi tatu ili mchwa na nyoka wapate kazi ya kupanda. Kuta zilikuwa za mawe ya chokaa, nene kama mkono wangu kutoka begani hadi ncha za vidole. Katikati palikuwa na sebule ndefu yenye mlango mbele na mwingine nyuma, na kila upande wa sebule vyumba viwili, kila kimoja na mlango wake wa kutokea nje. Jumla milango sita ya mbao nzito, mirefu kupita kiasi, utadhani Mzungu yule alikuwa akiingia ndani juu ya farasi. Baraza ilizunguka nyumba pande zote nne, upana wa mtu mmoja kulala na mwingine kupita bila kumruka. Ilikuwa na paa lake lenyewe la mabati, la chini kuliko paa kubwa, limeshikwa na nguzo za mtarakwa ambazo wazee walisema zililetwa na ngamia kutoka milimani. Na juu kabisa ya kuta, karibu na dari, katika kuta za nje na za ndani pia, palikuwa na safu za matundu. Hewa ya moto ilipanda na kutokea huko, ya baridi ikaingia kwa chini. Mchana wa Wajir, nje kuku wakihema midomo wazi, ndani ya Bangalo mtu aliweza kujifunika shuka. Jiko lilijengwa mbali, nyuma, ili mwenye nyumba asinuse kitunguu.

Niliipima yote kwa utepe wa cherehani, kwa sababu sikuwa na kazi nyingine na kwa sababu sikuamini kwamba chumba kinaweza kuwa na baridi bila mtu kukifanyia kitu. Habaryar alinikuta nimepanda juu ya pipa nikipima nguzo. "Naa Hibo," alisema, "unaishonea kanzu?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, mwenye vidole vyenye nguvu kuliko vya mwanamume, na hadi leo nikifikiria furaha huona ile asubuhi: anjera za moto kwenye sinia, chai ya maziwa ya ngamia, baraza ya nyuma ikiwa bado ina kivuli kirefu, naye akinielekeza kwa kidole chenye samli nisisahau kupima na mbwa wa jirani.

Ili mtu aelewe yaliyofuata lazima aijue aqal. Kwetu nyumba ni mali ya mwanamke. Sijigambi, nasema kama anayetaja mwenye sufuria. Aqal ni fito zilizopindwa na mikeka mizito, na wanawake wa upande wa bibi arusi ndio wanaoisuka kabla ya harusi. Bibi arusi ndiye anayeisimamisha, ndiye anayeifungua, ndiye anayeipakia ngamia wakati wa kuhama. Mume hulala humo kama mgeni wa kudumu. Wakiachana, mwanamke hufungua nyumba yake akaondoka nayo, na mwanamume hubaki amesimama uwanjani na fimbo yake na birika la kutawadhia. Habaryar alikuwa ameibeba aqal yake miaka mingi nyuma ya mifugo ya mumewe, Haji Gedi. Kisha Haji alitajirika kwa biashara ya ng'ombe, akainunua Bangalo ilipouzwa. Ngamia wa mahari wa Habaryar walikwenda sokoni pamoja na wa kwake ili bei itimie. Siku ya kuhamia alimwambia mbele za watu, "Dahabo, nyumba ya mikeka imekuchosha. Hii ndiyo nyumba yako." Habaryar alinisimulia neno hilo mara nyingi, kila mara kwa maneno yale yale. Aliifungua aqal yake kwa mara ya mwisho. Fito alizifanya kuni. Mikeka aliitundika kuziba baraza ya nyuma, kwa sababu Bangalo ilikuwa nyumba ya mwanamume mmoja, kila chumba kikichungulia kingine, na haikuwa na mahali ambapo mwanamke angekaa asionekane na wageni. Kosa lake lilikuwa lile la kuni. Alisikia neno "nyumba yako" na akalielewa kama alivyolielewa mama yake.

Miezi minne baada ya mimi kufika, alasiri moja, tulikuwa katika chumba cha pembeni tukikata nyama ya nyirinyiri, vipande vidogo vya kukaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli. Haji alikuwa sebuleni na Mzee Nur, msemaji wa wazee wa mtaa, mtu mwenye utani mwingi na meno machache. Milango ilikuwa imefungwa. Lakini matundu yale ya juu, yaliyopitisha hewa, yalipitisha na sauti. Ukikaa chini ya ukuta ulisikia mtu wa chumba cha pili akimeza mate.

"Msichana mwenyewe umemwona?" aliuliza Mzee Nur.

"Nimemwona. Wa Garissa. Baba yake ana duka la vitambaa."

"Na huyu wa ndani?"

"Wa ndani yupo."

"Yupo, lakini atakuwa wapi?"

"Nyumba ni moja, Nur. Wewe ungewaweka wake wawili ndani ya nyumba hii? Mmoja akigeuka kitandani mwingine anaamka."

Mzee Nur alicheka. "Mimi hata mmoja anatosha kunihamisha."

Nilitazama kisu cha Habaryar. Hakikusimama. "Kata ndogo ndogo," aliniambia. "Kubwa hazikauki." Siku iliyofuata alipanda ngazi na vipande vya mikeka ya aqal yake na matambara, akaziba matundu yote ya ndani na ya nje, moja baada ya jingine, akishindilia kwa mpini wa mwiko. Haji aliporudi alimwambia ni popo. Baada ya wiki moja Bangalo haikukalika. Joto lilipanda, halikupata pa kutokea, likarudi chini na kukaa nasi kwenye mkeka. Dari ilinuka. Haji akaanza kulalamika, "Nyumba imekuwa tanuri," akaanza kulala kwa ndugu zake, kisha akasema ana safari ya Garissa, na aliporudi alikuwa ameoa. Nilipoanza kusoma vitabu vya ujenzi nikajua matundu yale yalikuwa ya nini, niliwaza kwa miaka kwamba joto ndilo lililomfukuza. Ni hesabu nzuri kwenye karatasi: ziba hapa, mume atoke pale. Sasa siiamini tena. Joto halimwozeshi mtu.

Talaka ilikuja kwa mdomo wa mtu mwingine, na amri ya kuhama ikaifuata. Habaryar alikataa. Alisema nyumba ni yake, kwamba hajawahi kusikia mwanamke wa kabila lake akiachwa na kuondoka bila nyumba, na kwamba aliambiwa hivyo mbele za mashahidi. Wazee wakaitwa. Walikaa kwenye baraza ya mbele, kwenye viti vya Haji, wakanywa chai niliyoipika mimi. Habaryar alikaa nyuma ya mkeka uliotundikwa mlangoni, nami nikakaa kando yake. Haji alieleza kwa ile sauti yake laini kwamba pesa zilikuwa zake. Hakuna aliyetaja ngamia wa mahari ila Habaryar, na alipowataja mzee mmoja alikohoa. Halafu Mzee Nur akasema:

"Dahabo, dada yangu, sheria unaijua kuliko mimi. Nyumba ya mwanamke ni ile anayoifungua kwa mikono yake na kuipakia ngamia. Hii ya mawe, niambie, ngamia gani ataibeba? Mlete tumwone, tumnunue sote."

Walicheka. Haji pia alicheka, akifuta macho. Habaryar alingoja wamalize.

"Kwa hiyo ninachoweza kukifungua na kukipakia ni changu?"

"Wallahi ni chako. Kila unachoweza kukifungua na kukipakia, chukua. Sisi si wezi."

"Maneno hayo yasomeeni Fatiha."

Wakainua mikono wakasoma Fatiha, wakafuta nyuso, wakamaliza chai. Walidhani wamempa sufuria na mikeka.

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, wanawake wa jamaa zake waliokaa mjini walikuja na mikokoteni ya punda, ngamia wawili wa kuazima, bisibisi, tindo na nyundo. Walikuwa wamefunga vitambaa kiunoni kama siku ya kuhama malisho, na waliimba nyimbo za kufungua aqal. Tulianza na milango. Bawaba zilikuwa na kutu. Nilizitia mafuta ya taa na kungoja. Kisha vibao vya madirisha, kisha mabati ya baraza, na mwisho nguzo za mtarakwa. Mimi ndiye niliyejua, kwa kupima kwangu, kwamba nguzo hazikuzikwa kwenye zege. Kila moja ilisimama ndani ya kiatu cha chuma na kufungwa kwa bolti mbili. Haji alifika jua lilipokuwa limepanda kidogo, viatu vyake vinang'aa, akasimama chini ya ngazi ya mbele.

"Dahabo! Unafanya nini?"

"Nafungua nyumba."

"Hiyo ni milango ya nyumba ya mawe!"

"Mlango una bawaba, bawaba ina skurubu. Nimeifungua. Sasa sogea, ngamia apite."

Alimtuma mtu kumwita Mzee Nur. Mzee Nur alikuja, akatazama nguzo zilizolazwa mchangani na mabati yaliyofungwa kwa kamba mgongoni mwa ngamia. "Maneno yametoka, Gedi," alisema mwishowe. "Tumeyasomea Fatiha. Unataka niyale?" Wanawake walipiga vigelegele. Nami nilipiga, nikiwa na bisibisi mkononi, na kwa siku kadhaa niliamini kwamba nimeona haki kwa macho yangu.

Lakini Habaryar hakwenda mbali. Kwao kulikuwa na ukame na watu walikuwa wametawanyika. Alishusha mizigo ng'ambo ya njia, kwenye uwanja wa wazi usio na mwenyewe, mkabala na Bangalo, akasimamisha nyumba yake huko. Fito alikuwa amezichoma, kwa hiyo alitumia nguzo za mtarakwa, akaziinamisha zikutane juu kama fito zinavyokutana. Akaezeka mabati ya baraza, na kuta akazifanya kwa milango: sita, imesimamishwa bega kwa bega, mitano imepigiliwa misumari na mmoja tu unafunguka. Ule unaofunguka aliuelekeza kwa Haji. Ndani palikuwa na giza na joto, maana hakuweka tundu hata moja. Watoto wa mtaa walimwita Mama Milango. Nilikaa naye mle mpaka mwaka ulipokwisha, tukila anjera tukiwa tumeutazama upande ule ule, na sikumsikia tena akicheka mpaka akashika ukuta. Ukuta wa kushika haukuwepo.

Kisha mvua zikaja, na hapo ndipo niliposoma somo la mwisho la nyumba ile. Ndani ya kuta zile nene mawe hayakushikwa na chokaa. Yalishikwa na udongo. Chokaa ilikuwa ngozi tu ya nje. Baraza niliyoidhani pambo la Wazungu ilikuwa mwavuli wa ukuta. Bila paa lake maji yaliupiga ukuta moja kwa moja, ngozi ikabanduka, udongo ukaanza kutoka kwa michirizi myekundu kama chai. Haji aliweka milango mipya ya mabati, haikusaidia. Mke mpya alilala humo misimu miwili, pembe moja ya nyumba ikaanguka, akajengewa chumba cha mabati uani, na huko ndiko alikozaliwa Shafi. Habaryar aliyatazama yote akiwa mlangoni pake. Alitazama kwa miaka thelathini. Nilipojenga kwangu Garissa nilimtengea chumba chenye matundu pande mbili, nikaenda kumchukua. Aliniuliza, "Na hiyo ni nyumba ya nani?" Nikasema yangu na yake. "Hilo neno nimeshaambiwa," alisema, akanimiminia chai.

Nilifika Wajir siku ya pili ya msiba. Haji Gedi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya magofu yake, fimbo katikati ya magoti, macho yamefunikwa na ukungu. Ukuta mmoja ulikuwa umesimama hadi juu, na ndani yake safu ya matundu, mengine bado yamezibwa kwa mikeka. Barabara mpya ingepita pale, kila kitu kingevunjwa na kulipwa, na mthamini alikuwa njiani. Haji aliposikia sauti yangu alinishika mkono. "Hibo, mwanangu, wewe uliipima. Mwambie huyo bwana akifika ilikuwa nini." Mthamini, kijana wa kutoka bara, mwenye kizibao cha rangi ya machungwa na simu mkononi, alipofika, nilimwambia, kwa sababu ilikuwa kweli na kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kuisema: unene wa kuta, upana wa baraza, urefu wa milango, mahali hewa ilipoingia na ilipotokea. Nilisema yote bila karatasi. Alinisikiliza kwa heshima.

"Mama, mimi nalipia kilichosimama," alisema. "Hili ni gofu. Nitalipa kiwanja."

"Bwana, hii nyumba ilikuwa kubwa sana," alisema Haji kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii nyumba ilikuwa na mlango sita, wallahi."

"Iko wapi hiyo milango, mzee?"

Haji aliinua fimbo yake, akaielekeza ng'ambo ya njia bila kukosea, ingawa haoni. "Ile pale."

"Ya nani?"

"Ya bibi yangu," alisema.

"Ulimwacha, adeer," nilimwambia kwa Kisomali, nikimwita ami. Fimbo ilibaki hewani kidogo, kisha ikashuka. Kijana alivuka njia, akaizunguka nyumba ya Habaryar, akagonga milango kwa vidole, mitano isiyofunguka na mmoja unaofunguka, akarudi akifuta jasho. Nilimwonyesha kwamba zile ni nguzo za mtarakwa, kwamba milango ile haitengenezwi tena. Alisema fomu yake haina mahali pa hayo. Kisichokuwa na msingi ni kibanda cha muda.

Malipo yalitoka baada ya miezi mitatu. Ya kiwanja yalikwenda kwa Haji na wanawe. Ya kibanda Shafi aliniletea mwenyewe Garissa, hakukata hata senti ya nauli, nami nikayapeleka yote kwenye kisima cha msikiti kwa jina la Dahabo. Kwa Bangalo, kama jengo, walilipa sifuri. Kwa nyumba ya Habaryar, milango yote sita, mabati na nguzo, walilipa shilingi elfu kumi na mbili na mia tano.